Jambazi kwetu, shujaa kwao: maneno yanayowataja wanyang'anyi na walinzi

Msikilizaji wa Kiswahili akisikia katika taarifa ya habari kwamba majambazi wamevamia benki, haulizi neno hilo lina maana gani. Analijua. Ni watu wenye silaha waliokwenda kuchukua mali isiyo yao, na huenda wameua mtu. Lakini neno hilo hilo likitamkwa mjini Tehran, kwa sauti inayokaribiana sana na yetu, wasikilizaji wa huko hutega sikio kwa heshima. Kwao, *janbaz* ni mtu aliyepoteza mguu, jicho au pafu akiilinda nchi yake.

Makala haya yanahusu maneno ya aina hiyo: maneno ambayo upande mmoja humtaja mnyang'anyi na upande wa pili humtaja mlinzi. Jambo hili si la watunga kamusi peke yao. Katika Afrika Mashariki na kandokando ya Bahari ya Hindi, watu wamepoteza mifugo, miji na maisha yao kwa sababu ya kuitwa jina moja badala ya jingine.

Mwenye kuiweka roho dau

Wachunguzi wa asili ya maneno hulirudisha neno jambazi kwenye Kiajemi. *Jan* ni roho au uhai, na *baz* ni mwenye kucheza, hasa mchezo wa kubahatisha. Janbaz, basi, ni mtu anayeiweka roho yake dau. Neno hili lilisafiri mbali, na kila lilipotua lilipewa kazi mpya. Kwa Waturuki, ambao huliandika *cambaz* na kulitamka kwa sauti ya "j", ni mwanasarakasi anayetembea juu ya kamba, na pia ni mlanguzi wa farasi mwenye maneno mengi. Kwa wasemaji wa Kihindi na Kiurdu, *jaanbaaz* ni jasiri, na ndivyo anavyosifiwa askari aliyekufa mpakani au mzimamoto aliyeingia ndani ya nyumba inayowaka.

Nchini Iran, vita vya mwaka 1980 hadi 1988 dhidi ya Iraq viliacha majeruhi wengi sana, na janbaz likawa jina rasmi la askari waliorudi na vilema. Wana hata siku yao, tarehe 4 Shaabani, siku ambayo Waislamu wa madhehebu ya Shia huadhimisha kuzaliwa kwa Abbas bin Ali. Yeye, kwa mapokezi yao, alikatwa mikono yote miwili huko Karbala mwaka 680 alipokuwa akiwapelekea maji watoto wenye kiu. Ni vigumu kupata mfano wa ulinzi unaozidi huo.

Kiswahili kilishika njia nyingine. Kilichobaki kwetu katika neno hilo ni mtu asiyejali roho: wala yake, wala ya mwenzake. Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba Waswahili walilipotosha. Tangu mwanzo neno hilo lilipima ujasiri, halikupima haki. Usiku wa manane, mlinzi anayezunguka ua na jambazi anayeparamia ukuta wote wawili wameziweka roho zao dau. Kinachowatenganisha hakimo ndani ya neno. Kinatakiwa kutafutwa mahali pengine.

Haramia na maharimu

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na wengi wetu tunautumia bila kuuona. Haramia limetokana na Kiarabu, *haramiya*, yaani wezi. Kiswahili kiliuchukua wingi huo, kikaufanya umoja, kisha kikaupa wingi wake chenyewe: maharamia. Mzizi wa neno ni herufi tatu zilizozaa pia haramu, kwa maana ya kitu kilichokatazwa.

Lakini mzizi huo haukuzaa watu wabaya tu. Umezaa jina la Msikiti Mtakatifu wa Makka, Masjid al-Haram, ambao eneo lake limekatazwa kumwagwa damu, kuwindwa mnyama wala kukatwa mti. Umezaa pia maharimu, yule ndugu wa karibu ambaye mwanamke haruhusiwi kuolewa naye, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo ndiye anayeaminiwa kufuatana naye safarini. Haramia na maharimu ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wamesimama mpakani: mmoja anauvuka, mwingine anauchunga.

Nchi kavu mpaka huonekana, kwa ukuta au kwa mstari wa minyaa. Baharini hauonekani. Ndiyo maana bahari imekuwa mahali ambapo mnyang'anyi na mlinzi wamebadilishana majina kwa urahisi kuliko popote.

Bahari na karatasi ya usalama

Mwaka 1505, kundi la meli za Ureno chini ya Francisco de Almeida liliivamia na kuipora Kilwa, kisha likaipora na kuichoma Mombasa. Katika miaka hiyo hiyo Wareno walianza kuwauzia manahodha wa Bahari ya Hindi cheti kilichoitwa *cartaz*. Nahodha aliyekuwa nacho aliachwa apite salama. Asiyekuwa nacho, chombo chake na shehena yake vilihesabiwa kuwa ni mali ya kutwaliwa. Kwenye maandishi huo ulikuwa ni ulinzi wa safari. Lakini nahodha wa Gujarat au wa pwani ya Waswahili alijua kwamba hatari aliyokuwa akilindwa nayo ni yule yule aliyemuuzia cheti.

Huko Ulaya nako, karatasi ndiyo iliyoamua. Wafalme waliwapa wenye meli binafsi barua za kuwaruhusu kupora meli za adui. Aliyeikosa barua hiyo akikamatwa alinyongwa. Aliyekuwa nayo alikuwa mtumishi wa taji. Francis Drake alipora hazina za Hispania katika safari yake ya kuizunguka dunia. Wahispania walimwita haramia. Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyepata fungu lake katika mali hiyo, alikwenda Deptford mwaka 1581, na ndani ya meli yenyewe Drake akapewa heshima ya kuitwa Sir. Mataifa makubwa ya Ulaya yaliafikiana kuiacha desturi ya barua hizo katika Azimio la Paris la mwaka 1856.

Wasikilizaji walioko Dubai, Sharjah na Ras al-Khaimah wanaishi katika mwambao ambao ramani za Waingereza za karne ya 19 ziliuita Pwani ya Maharamia. Waliokusudiwa kwa jina hilo ni Al-Qawasim, ukoo uliotawala bandari hizo na kumiliki majahazi mengi. Mwishoni mwa mwaka 1819 manowari za Uingereza ziliishambulia Ras al-Khaimah, zikisaidiwa na Sayyid Said bin Sultan wa Oman, yule yule ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Yeye alikuwa na sababu zake, kwa kuwa Al-Qawasim walikuwa wapinzani wake baharini na katika biashara.

Mwezi Januari 1820 ukatiwa saini mkataba. Kifungu cha kwanza kilikomesha unyang'anyi na uharamia. Vingine viliwataka Waarabu waliofanya amani kupeperusha bendera nyekundu yenye ukingo mweupe, na kila chombo kuwa na hati inayotaja mwenyewe, nahodha, idadi ya mabaharia na silaha. Tangu hapo, kitambaa na karatasi vilimtenga rafiki na haramia. Bendera ya Sharjah na ile ya Ras al-Khaimah zina rangi hizo mpaka leo.

Jina la uharamia halikukubaliwa na kila mtu. Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, aliyeshika utawala wa Sharjah mwaka 1972, alifanya utafiti wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Exeter, na mwaka 1986 akachapisha kitabu kinachosema kwamba uharamia wa Waarabu katika Ghuba ni hadithi ya kubuniwa. Hoja yake ni kwamba kampuni ya Waingereza ya biashara ya India iliutaka ule usafirishaji wa bidhaa uliokuwa mikononi mwa wenyeji, na jina la haramia likaipatia kisingizio. Wanahistoria wengine wanashikilia kwamba meli zilishambuliwa kweli na mabaharia wakauawa kweli. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili.

Ugumu huo ulirudi karibu miaka 200 baadaye katika pwani ya Somalia. Baada ya serikali ya nchi hiyo kuanguka mwaka 1991, meli za kigeni ziliingia na kuvua bila idhini ya mtu yeyote. Kisha utekaji wa meli ukaanza, na kati ya mwaka 2008 na 2012 ukawa habari ya kila wiki. Wasomali wa kawaida waliwaita watekaji *burcad badeed*, yaani majambazi wa baharini. Wenyewe walijiita *badaadinta badah*, waokoaji wa bahari. Mwezi Septemba 2008 waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa ikiwa na vifaru 33 vya kivita. Msemaji wao aliwaambia waandishi wa habari kwamba wao ni walinzi wa pwani, na kwamba majambazi ni wale wanaoiba samaki wa Somalia.

Malalamiko hayo yalikuwa na mzizi wa ukweli. Samaki waliibwa. Lakini mabaharia waliofungiwa ndani ya meli kwa miezi, wengine hadi kufa, hawakuwa wametupa wavu hata mmoja katika maji ya Somalia. Na fedha za kikombozi, zilizofika mamilioni ya dola kwa meli moja, ziligawanywa baina ya wenye bunduki na wafadhili wao. Mvuvi mwenye mashua ndogo hakuulizwa kama anautaka ulinzi wa namna hiyo.

Mchawi mpe mwana kulea

Wahenga wetu walisema mchawi mpe mwana kulea. Walikusudia kwamba mtu mbaya, akikabidhiwa dhamana, huenda akaona haya. Watawala wa Dola ya Uthmaniya waliifanya busara kama hiyo kuwa sera katika milima ya Ugiriki. Huko kulikuwa na vikundi vya waporaji walioitwa *kleftes*, neno ambalo kwa Kigiriki ni wezi tu. Serikali iliposhindwa kuwakamata iliwaajiri walinde njia wakiwa askari wa mgambo, kwa jina la *armatoli*. Asipolipwa, askari alirudi mlimani akawa mwizi. Akikubaliana tena na serikali, alishuka akawa mlinzi. Mtu alikuwa ni yule yule, na bunduki ni ile ile. Vita vya uhuru wa Wagiriki vilipozuka mwaka 1821, makundi yote mawili yalitoa wapiganaji, na leo neno lililomaanisha mwizi wa milimani hutajwa shuleni kama jina la mashujaa wa taifa.

Shifta: jina lililokaa muda mrefu kuliko vita

Hakuna neno la aina hii lililowaumiza watu wa Afrika Mashariki kama shifta. Asili yake ni Ethiopia, na katika Kiamhari humtaja mtu aliyeasi, akakimbilia porini na kuishi kwa mtutu wake. Anaweza kuwa mporaji wa misafara. Anaweza pia kuwa mtu aliyedhulumiwa anayetafuta haki yake. Kassa Hailu aliishi maisha ya shifta kabla ya kuwashinda wapinzani wake na kutawazwa mwaka 1855 kuwa Mfalme Tewodros wa Pili. Huko kwao, basi, neno hilo lilikuwa na milango miwili, na mmoja wao ulifunguka Ikulu.

Lilipovuka mpaka kuingia Kenya, mlango mmoja ulifungwa. Mwaka 1962, tume iliyotumwa na Uingereza iliona kwamba Wasomali wengi wa eneo la mpaka wa kaskazini, lililojulikana kama NFD, walitaka kuungana na Somalia. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963 eneo hilo likiwa ndani yake, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ikatangazwa huko. Wapiganaji walijiona wakombozi. Serikali ya Nairobi iliwaita shifta, kwa maana ya wanyang'anyi na si kitu kingine. Walivamia vituo vya polisi, waliua, na walitega mabomu barabarani. Kwa upande wake serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji maalumu vilivyochungwa na askari, na mifugo mingi ikatwaliwa au ikapigwa risasi. Mfugaji asiye na ngamia hana benki nyingine.

Vita hivyo vilimalizwa kwa mazungumzo yaliyofanyika Arusha mwezi Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Hali ya hatari iliendelea hadi mwaka 1991. Na neno lenyewe halikutia saini mkataba wowote. Liliwafuata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita. Mfanyabiashara wa Garissa alilisikia mjini Nairobi, na mwanafunzi wa Wajir alilisikia bwenini.

Mwezi Februari 1984, vikosi vya usalama vilivyosema vinatafuta silaha viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wilaya ya Wajir. Walizuiliwa huko kwa siku kadhaa, juani, bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilitaja vifo 57. Manusura na watetezi wa haki za binadamu wamesema waliokufa ni mamia, na wengine wanataja zaidi ya elfu moja. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilivibebesha vikosi vya serikali lawama za mauaji hayo.

Kwa mujibu wa sheria, waliokuwa na bunduki pale Wagalla ndio walinzi. Waliolala chini walikuwa raia waliostahili kulindwa. Lakini kwa miaka 20 walikuwa wakiitwa jina la wanyang'anyi, na aliyekwisha kuitwa mnyang'anyi hapati wa kumlilia haraka. Jina lilitangulia, risasi ikafuata.

Sungusungu na mwenye filimbi

Safari ya sungusungu ilielekea upande mwingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bunduki nyingi zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukashamiri katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Mapema katika miaka ya 1980 wanavijiji walijipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Filimbi ikilia kijiji kimoja, cha jirani hupokea, hata mwizi akakosa njia ya kutokea. Jina walilitoa kwa chungu weusi wanaouma. Ng'ombe walirudi, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya Tanzania ikawatambua.

Hata hivyo, baadhi ya vikundi hivyo vililalamikiwa kwa kuchapa watu viboko, kuwatoza faini nzito, kuwafukuza vijijini na kuwaandama waliotuhumiwa uchawi. Katika nchi ya Wakisii nchini Kenya, vikundi vilivyotumia jina hilo hilo vilituhumiwa kuua watu bila hukumu ya mahakama. Katika kaya moja, sungusungu ni aliyerudisha ng'ombe. Katika kaya ya pili, ni aliyemwondoa baba.

Kipimo kisichokuwa ndani ya kamusi

Msikilizaji anaweza kuuliza: ikiwa maneno hayaaminiki, mtu ashike nini? Wapo wanaojibu kwa wepesi kwamba jambazi wa huyu ni shujaa wa yule, kisha wakanyamaza. Jibu hilo halitoshi. Linawafanya waliouawa Wagalla, na mabaharia waliofungiwa ndani ya meli zilizotekwa, waonekane kuwa ni suala la maoni tu.

Kipimo kipo, na wakulima wetu wanakijua tangu zamani. Kulinda, kwao, ni kukaa juu ya dungu shambani na kufukuza ndege, nguruwe na nyani hadi mavuno. Mlinzi huyo huwekwa na mwenye shamba. Hujulikana alichopewa kama ujira. Akianza kula mahindi mwenyewe, huulizwa, na asipokuwa na jibu huteremshwa. Mlinzi, kwa ufupi, ni mtu anayeweza kuachishwa kazi na wale anaowalinda. Mnyang'anyi haachishwi kazi.

Kwa kipimo hicho, nahodha aliyenunua cheti cha Wareno hakuwa na mlinzi, kwa kuwa hakuweza kusema hapana. Mvuvi wa Somalia hakuwa na mlinzi, wala kwa meli za kigeni wala kwa waliojiita waokoaji wa bahari. Wanavijiji wa Usukuma walikuwa na walinzi maadamu mkutano wa kijiji uliweza kuwauliza sungusungu na kuwaondoa. Siku mkutano ulipoanza kuwaogopa, hesabu ilibadilika. Na mfugaji wa Wajir mwaka 1984 hakuwa na mlango wa kubisha kuwauliza walinzi wake kwa nini.

Kipimo hiki kina kazi pia kwa wanaotangaza habari. Neno moja katika mstari wa kwanza wa taarifa linaweza kumhukumu mtu kabla ya kusikilizwa. Ni salama zaidi kutaja kitendo: wameteka meli, wamechoma kijiji, wamerudisha ng'ombe, wamewafyatulia risasi watu waliokuwa wamelala kifudifudi. Kitendo hakina milango miwili. Kikishatajwa pamoja na mahali, siku na idadi ya waliodhurika, msikilizaji atajua mwenyewe nani amwite jambazi, na nani ampe heshima ambayo Waajemi walilipa neno hilo hilo.